"Lamu" ya Marekani na Jua la Julai

Iko Lamu nyingine ulimwenguni, ndugu msomaji, ambayo haina bahari, haina jahazi, wala haina kadhi. Imo katika jimbo la Florida, kusini mashariki mwa Marekani, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka ufuo wa Atlantiki. Jina lake ni Harambe, na haingiliki bila ya tikiti. Mtu mzima hulipa zaidi ya dola 100 kwa siku moja, na mtoto akishatimiza miaka mitatu naye hulipiwa.

Mji huo ni sehemu ya bustani ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 karibu na Orlando. Ni bustani ya nne kujengwa na kampuni ya Disney katika eneo lake kubwa la Florida, ambalo lilianza kupokea wageni tarehe 1 Oktoba 1971. Joe Rohde, aliyeongoza wabunifu wa bustani hiyo, alisafiri Afrika Mashariki pamoja na wenzake kabla ya ujenzi, na walipoichora Harambe waliitolea mfano wa Lamu. Jina walilitwaa katika neno letu "harambee", wakalipunguza herufi moja njiani.

Julai iliyopita nilipata nafasi ya kuuona mji huo. Nilifuatana na mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Mkomani, Lamu. Dada yangu anayeishi Florida. Shemeji yangu, mumewe. Na watoto wao watatu. Watoto hao wamezaliwa huko huko Marekani. Lamu hawajapata kuikanyaga, lakini Harambe walikuwa wamekwisha kwenda mara mbili. Mdogo wao, msichana wa miaka sita, alimwambia mama yangu tukiwa garini: "Bibi, leo twakupeleka kwenu."

Sote tulicheka. Mama naye alicheka, kisha akawa akitazama nje ya dirisha kwa kitambo bila ya kusema neno.

JUA LISILO NA UPEPO

Sisi watu wa pwani hudhani joto tunalijua. Lakini Julai kwetu ni wakati wa kusi, bahari imechafuka na jioni mtu hutafuta shuka. Florida mwezi huo ni kilele cha majira ya joto. Siku ile ilikuwa nyuzi 34 za Selsiasi, na hewa ilikuwa na unyevu mzito kama mvuke unaotoka katika sufuria ya wali inapofunuliwa. Siku yenyewe ni ndefu mno: adhuhuri huingia kama saa saba na nusu mchana, na magharibi haiingii mpaka saa mbili imepita na watu wa kwetu wamekwisha kula chakula cha usiku.

Joto na bustani hizi ni jamaa tangu zamani. Disney ilipofungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, katika mji wa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, joto lilifika karibu nyuzi 38. Lami iliyokuwa haijakauka sawasawa ililainika, na visigino vya viatu vya mabibi vikawa vinazama. Mabomba ya maji ya kunywa nayo yalikuwa machache kwa sababu ya mgomo wa mafundi. Siku hizi mambo yametengenezwa. Ukifika penye vibanda vya chakula ukaomba maji, hupewa kikombe cha maji ya barafu bila ya malipo, na chakula chako mwenyewe unaruhusiwa kuingia nacho. Dada yangu alikuwa amebeba sambusa, kaimati na mikate ya kumimina, kwa hiyo la halali na haramu halikutushughulisha.

Mama alivaa buibui lake kama kawaida, akashika na mwavuli. Tulipita penye ule mti mkubwa wa kutengenezwa uitwao Mti wa Uhai, wenye urefu wa mita 44, ambao shina lake limechongwa sura za wanyama zaidi ya 300. Watoto walishindana kuwahesabu. Kisha tukavuka daraja, tukawa Harambe.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Nasema kweli, mafundi wale ni mafundi. Kuta zimefanywa mfano wa kuta za mawe na chokaa, plasta imebanduka hapa na pale, matangazo ya Kiswahili yamechorwa ukutani na kufifizwa makusudi. Liko duka liitwalo Mombasa Marketplace. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Chini karibu na ngome pameandikwa mwaka wa uhuru wa mji huo wa kubuni, 1961, ambao ndio mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Sisi Kenya tulingoja hadi 1963.

Mama alizitazama zile kuta zenye madoa, akaniuliza: "Mwanangu, hawa hawapaki chokaa?"

Nikamweleza kuwa madoa yale ni kazi ya fundi, tena ya fundi wa mshahara mzuri. Akashangaa. "Sisi Ramadhani ikikaribia twapaka nyumba ionekane mpya. Hawa wamwajiri mtu ionekane kukuu!"

Akausogelea mlango mmoja, akausukuma kwa kiganja. Haukufunguka, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na chumba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Pale palikuwa na mlango peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwa nini Mama alikuwa akitweta, ilhali Lamu mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia, hutembea kutoka Mkomani mpaka Langoni bila ya kulalamika. Lamu ilijengwa na watu waliotaka kuishi na jua wasife. Ukuta wa nyumba ya mawe una unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo joto la mchana halifiki ndani upesi. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazina urefu mkubwa, na katikati kuna kiwanda kilicho wazi, hewa ya moto hupanda juu ikatoka. Njia ni nyembamba hata punda wenye mizigo wakikutana mmoja hungoja, na wembamba huo ndio unaoifanya njia iwe na kivuli karibu mchana kutwa. Juu kuna wikio linalounganisha nyumba na nyumba, nalo ni paa kwa mpita njia. Mlangoni kuna daka lenye viti vya mawe, na mtu mzima aliyechoka hukaa hapo asiulizwe ni nani wala ametoka wapi.

Njia za Harambe ni pana, maana sharti zipitishe maelfu ya watu na vigari vya watoto. Kwa hiyo jua humwangukia mtu utosini, na simiti ya chini huurudisha moto juu. Waliinakili sura ya mji uliojengwa kwa ajili ya jua, na ile sababu ya sura hiyo ikabaki Lamu. Siwalaumu; wao walikuwa wakitengeneza mahali pa kutazama, na kutazama ndiko watu wanakolipia.

JAMBO NA MAJIBU YAKE

Kijana mmoja wa Kizungu, mfanyakazi wa pale, alimwona Mama amesimama, akamwita kwa bashasha: "Jambo!"

Mama, kwa adabu zake, akamjibu: "Sijambo, mwanangu. U hali gani? Wazee hawajambo? Waendeleaje na hili jua?"

Kijana akatabasamu mpaka masikio yakawa mekundu. Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha. Lakini alikuwa mtoto mwema, kwani alipomwona anajifutafuta jasho alimwonyesha benchi lenye kivuli na akamletea maji. Mama akamwombea dua ndefu, nami nikamfasiria nusu yake. Adabu ile haikuwa ya kunakili, na hakuna aliyemfundisha kwa Kiswahili.

Baadaye tulipanda lori la Kilimanjaro Safaris, ambalo huzunguka mbuga kwa muda wa kama dakika 20. Twiga, viboko, ndovu na simba ni wa kweli kabisa. Mibuyu mingi uionayo ni ya simiti. Barabara nayo ni ya simiti iliyotiwa rangi ya udongo na alama za magurudumu, na simba hutenganishwa na wanyama wengine kwa mahandaki usiyoyaona. Watoto walipiga kelele za furaha. Mama aliniuliza polepole Kilimanjaro na Lamu vimekuwa jirani tangu lini.

MAHALI PALIPOKUWA MJI

Saa saba na nusu ilipofika hapakusikika adhana. Palikuwa na ngoma na muziki wa Kiswahili kutoka kwenye vipaza sauti. Mama alikuwa hahitaji saa, alitazama kivuli cha mwavuli wake akasema, "Adhuhuri imeingia."

Tulitafuta pembe iliyojitenga chini ya miti, mbali na njia ya watu, dada yangu akatandika kanga mbili. Kijana wake mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, akaitafuta kibla kwa simu yake. Ilikuwa kaskazini mashariki. Mama, ambaye maisha yake yote Lamu amesali akielekea kaskazini, akasema, "Basi kweli tumekuja mbali."

Shemeji alipokuwa akikimu, alitokea bwana mmoja wa Kipakistani na mkewe na vijana wao wawili. Wakatoa salamu, wakavua viatu, wakajipanga pamoja nasi bila ya kuuliza chochote. Wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto pembeni. Baada ya kusali dada yangu akawafungulia kikapu cha sambusa, wao wakatoa tende. Mama na yule bibi wa Kipakistani hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini walikaa wakishikana mikono na kuonyeshana wajukuu zao kwa muda.

Yule msichana wa miaka sita aliwatazama, kisha akamwuliza Mama swali ambalo watu wazima hatukuwa tumethubutu kuliuliza: "Bibi, hapa ni kama kwenu?"

Mama hakutaka kumvunja moyo mtoto. Akamwambia: "Kuta zafanana, mjukuu wangu. Lakini huu si mui, hii ni picha ya mui. Mui ni kama hivi tulivyofanya sasa hivi: mtu akupitia, akwamkua, asali nawe, ala nawe."

Muda si muda mawingu yakajikusanya, radi zikapiga, na mvua kubwa ikanyesha kama inyeshavyo Florida karibu kila alasiri ya majira hayo. Tukakimbilia penye paa, na watoto wakatoka kucheza katika maji huku mvuke ukipanda kutoka chini.

HESABU YA USIKU

Usiku ule dada yangu na mumewe walikaa na karatasi. Siku moja ya watu saba ilikuwa imezidi dola 700, bila ya petroli na maegesho. Fedha hizo hazitoshi kuwasafirisha watu watano hadi Lamu. Lakini siku kama hiyo ikirudiwa mara mbili tatu kila mwaka, na miaka ikapita, mtu huwa amekwisha kulipia picha ya mji kwa fedha ambazo zingemfikisha mjini.

Simwambii mzazi aliye ng'ambo asiwapeleke watoto kwenye burudani. Watoto walifurahi, na Mama mwenyewe hasahau ule mti na wale twiga. Hata sisi Mombasa, Idi ikifika, huwapeleka watoto Makadara wakapanda pembea. Ninalosema ni kwamba mtoto akiijua Harambe kabla ya Lamu, atakuja Lamu siku moja aione kuwa ina dosari: njia nyembamba, punda wengi, hakuna foleni ya kupanda lori.

Nasi tulio huku tuna letu la kujibu. UNESCO iliutia mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wageni wamevuka bahari kuja kuuchora, wakalipa mafundi kuiga hata ufa wa ukuta. Je, sisi ukuta wa babu ukipata ufa twafanyaje? Wangapi wetu tunaubomoa tukajenga chumba cha matofali na mabati, kisha tukanunua feni ya kupambana na joto ambalo babu alilikomesha kwa chokaa na kivuli? Wangapi wameuza daka na kiwanda, na wanawe hawajui hata maana ya maneno hayo?

Dada yangu ameniandikia kuwa wameanza kuweka akiba. Nia yao ni kuja wakati wa Maulidi, watoto wasikie matari ya Riyadha na waone mbio za punda. Mama amekwisha kumwita fundi wa chokaa.