Kifaa Kilichofungiwa Kabatini Hakifundishi Mtoto

Mtakumbuka ahadi ya mwaka 2013, kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kompyuta. Kuanzia 2016 vishikwambi vikafika shule za msingi za umma, pamoja na projekta na mashine ya mwalimu. Vingine viliunganishwa papa hapa jirani na Ruiru, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja. Lakini shule nyingi zilivifungia kabatini. Kwa nini? Jibu tulilipata siku tulipotumwa kuwaonyesha walimu wenzetu kazi yake.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza. Watoto tumewazoea, lakini kusimama mbele ya walimu wenzako, wengine waliokutangulia miaka ishirini, si mchezo! Tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukawasha projekta, tukaanza kueleza: programu, faili, seva. Nusu saa nzima. Watu walinyamaza, nasi tukadhani wameelewa.

Ndipo mama mmoja, mwalimu wa siku nyingi, akainua mkono: "Mwalimu, nikibonyeza vibaya kiharibike, nitakatwa mshahara?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Basi kumbe shida haikuwa ujinga. Ilikuwa ni hofu ya kulipa, na hofu ya kuaibika mbele ya watoto.

Kabla hatujajibu, stima ikapotea. Projekta ikazimika. Tulitokwa na jasho, lakini ilikuwa baraka. Vishikwambi vilikuwa na chaji, na masomo yalikuwa ndani tayari bila kuhitaji intaneti. Tukavigawa, kimoja kwa watu watatu. Baada ya dakika kumi kelele zilikuwa kama za darasa la kwanza. Yule mama ndiye aliyetufundisha sisi: kwanza uliza watoto swali, ndipo ufungue picha. La sivyo watatazama tu kama sinema.

Jambo hili ni la wazazi pia. Mtaala ulioanza 2019 unahesabu ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja kati ya umilisi saba ambao mtoto anapaswa kupata. Mtoto asiyegusa kifaa ataachwa nyuma.

Kwa vikundi, iwe mnaonyesha jiko jipya, pampu au hesabu za simu, fanyeni hivi:

1. Anzeni na hofu za watu, si sifa za kifaa.
2. Semeni mapema nani atagharamia kikiharibika, na muandike.
3. Kila mtu akishike kwa mkono wake.
4. Msitegemee stima. Chajini jana yake.
5. Anayejua kidogo amfundishe mwenzake hapo hapo.

Na ninyi wazazi, mkutano wa shule ukiitwa, ulizeni kwa upole: vifaa vyetu viko wapi, na funguo anazo nani? Kuuliza si ugomvi. Talanta iliyozikwa haikumfaa mwenyewe.