Karo ya uuguzi: Tuite mkopo kwa jina lake

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa miaka mingi nimeitumia methali hii darasani kama mfano wa tanakuzi, wala sikuidhania kuwa na kazi nyingine. Ikaja siku mama mmoja wa Mathira, si mbali na mji wa Karatina, alipobisha mlangoni kwangu akiwa na barua mbili. Ya kwanza ilimwita bintiye chuoni kusomea uuguzi. Ya pili ilieleza kwamba ombi la fedha alilotuma binti huyo limekubaliwa.

"Mwalimu," alisema kwa furaha, "tumesaidiwa. Nisomee nijue tumepewa ngapi."

Niliisoma barua ile mara mbili. Hawakuwa wamepewa, walikuwa wamekopeshwa. "Mama," nikamwambia, "pesa hizi zitarudishwa." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo halijanitoka akilini hadi leo: "Mbona basi kijijini wanaziita basari?"

Swali la mama huyu ni la isimu na la uchumi kwa pamoja. Katika miji yetu inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri hadi Embu, Chuka na Meru, kila fedha inayotoka nje ya nyumba kwa ajili ya mwanafunzi huitwa basari au msaada. Ilhali maneno haya hayana maana moja. Basari hutolewa wala hairudishwi. Ruzuku nayo ni ndugu wa riziki, na riziki haikopeshwi. Mkopo ni deni. Anayeyachanganya hutia sahihi asichokielewa, na deni halimsamehe mtu kwa kuwa hakulielewa jina lake.

Tuitazame gharama yenyewe. Mwanafunzi wa kwetu anayetaka uuguzi ana milango kadhaa. Uko mlango wa umma, yaani Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), chenye matawi Nyeri, Murang'a, Embu na Meru. Iko pia milango ya misheni: Tumutumu karibu na Karatina, Mathari mjini Nyeri, Chogoria na Nkubu. Diploma huchukua takriban miaka mitatu, na cheti muda mfupi zaidi. Karo hutofautiana baina ya chuo na chuo, lakini kote ni makumi ya maelfu ya shilingi kila mwaka.

Hata hivyo, karo iliyoandikwa katika barua ni mwanzo tu. Kuna sare na viatu, saa yenye mshale wa sekunde, vitabu, ada za Baraza la Wauguzi za kumsajili mwanafunzi na za mtihani wa mwisho, chakula na malazi. Zaidi ya hayo, uuguzi hujifunzwa wodini na vijijini. Mwanafunzi hutumwa hospitali moja hadi nyingine kufanya mazoezi, wakati mwingine kwa zamu ya usiku, na nauli na chumba cha kupanga huwa juu yake. Ndiyo maana ni vigumu kwake kufanya kibarua cha kujilipia karo kama wafanyavyo wenzake wa kozi nyingine.

Sasa tumpime mkulima. Tuseme ana mikahawa 200, kila mmoja unatoa kilo 3 za matunda, na chama cha ushirika kinamlipa shilingi 100 kwa kilo. Mapato yake ya mwaka ni shilingi 60,000, kabla ya kuondoa mbolea, dawa na wachumaji. Jirani yake wa Othaya au Tetu mwenye majani chai hungoja bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa mwezi Oktoba. Lakini wanafunzi wengi huripoti vyuoni Septemba! Kumbe tatizo si uhaba wa pesa peke yake. Kalenda ya shamba na kalenda ya chuo hazisomani. Katika pengo hilo la wiki chache ndimo ng'ombe wa maziwa huuzwa kwa bei ya hasara.

Yafaa basi fedha zitafutwe kwa mpangilio. Kwanza zitafutwe zisizorudishwa: basari za kaunti na za eneo bunge, pamoja na ufadhili wa makanisa. Fomu zake zina msimu, na anayengoja barua ya chuo ndipo aanze kuulizia huenda akakuta msimu umepita. Pili, mzazi azungumze na chuo mapema kuhusu kulipa kwa awamu, na makubaliano yaandikwe. Tatu ni harambee na akiba ya chama, zilizolea wasomi wengi wa kizazi changu. Mwisho ndipo uje mkopo, ufunike pengo lililobaki.

Siupingi mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, imewavusha wengi, na riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka ni nafuu kuliko ya benki. Mfuko wa Afya Elimu, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya afya, nao ni wa mikopo. Shirika la Marekani la USAID, lililosaidia kuuanzisha, lilifungwa mwaka 2025. Kwa hivyo mwombaji aulize kwanza HELB kabla ya kuutegemea. Anayekopa shilingi 120,000 ajue kwamba asilimia 4 yake ni shilingi 4,800 kwa mwaka, na kwamba deni halingoji apate ajira.

Kuna na mtego mwingine wa maneno. Mijini mwetu zimezagaa kozi za miezi michache za kutunza wagonjwa, ambazo matangazo yake huzipa jina la uuguzi. Kutunza mgonjwa ni kazi ya heshima, lakini kisheria muuguzi ni yule aliyeandikishwa na Baraza la Wauguzi. Chuo ambacho Baraza halikukiidhinisha hakimfikishi mwanafunzi huko, na karo yake, ijapokuwa ndogo, ndiyo ghali kuliko zote.

Walimu wenzangu wa shule za sekondari, tusiuache mzigo huu kwa wazazi. Tunawafunza vijana kuandika barua rasmi. Tuwafunze pia kuzisoma, na kuwafasiria wazazi wao kwa lugha wanayoielewa.

Mama yule wa Mathira hakuikataa ile fedha. Alinipa barua ya pili, akaniomba niichoree nyuma yake safu tatu: tulichopewa, tulichokopa, tulicho nacho. Safu ya kwanza ilikuwa tupu. Aliitazama, akaikunja barua, akaniuliza ofisi ya basari ya kaunti hufunguliwa saa ngapi.