Fahamu: Injini za boti za mbio baharini huchaguliwaje?

Boti hizi hushindana kwenye maji ya wazi. Wimbi likiirusha boti, pangaboi hutoka majini na mizunguko ya injini hupanda ghafla. Kwa hiyo nguvu pekee haitoshi. Injini lazima iwe imara.

London inahusikaje na mbio hizi?
Mwaka 1961, gazeti la Daily Express la London, chini ya Sir Max Aitken, lilidhamini mbio za kwanza za boti baharini za Cowes–Torquay. Mshindi alikuwa Tommy Sopwith na boti yake Thunderbolt.

Petroli au dizeli?
- Petroli: injini ni nyepesi na huchanganya haraka. Mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Ndiyo maana feni ya kuutoa huwashwa kabla ya injini ya ndani.
- Dizeli: nzito na ghali zaidi, lakini hula mafuta kidogo.

Ndani au nje?
Injini ya kupachika nyuma hufikika kirahisi kwa matengenezo. Ya ndani huweka uzito chini, boti ikatulia.

Cha kuangalia
- Uzito wa boti ikiwa na mafuta na watu.
- Pangaboi linaloiwezesha injini kufikia mizunguko aliyoipanga mtengenezaji.
- Mfumo wa kupoza unaostahimili chumvi.