Antena ya Gari Inayojipandisha: Uzi, Vumbi na Mota

Mkoa wa Singida umo katikati ya Tanzania, katika ukanda mkavu wenye msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi mingi ya upepo na vumbi. Vumbi hilo hupenya katika kila tundu la gari, na mojawapo ya matundu hayo ni lile linalotokeza antena ya redio.

Baadhi ya magari, kama vile Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 80 na wa 100, yalitengenezwa na antena inayopanda yenyewe redio inapowashwa na kushuka inapozimwa. Antena hiyo ikikwama, mwenye gari huweza kudhani kwamba hapana budi anunue nyingine nzima. Lakini huenda kilichoharibika ni uzi mmoja tu wa nailoni, na kazi ya kuubadilisha yaweza kufanyika nyumbani.

Kwa nini urefu ni muhimu

Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Mwendo huo ukigawanywa kwa marudio, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, jibu ni urefu wa wimbi. Stesheni ya FM inayotangaza kwa megahezi 100 hutoa mawimbi yenye urefu wa meta 3. Antena ya fimbo iliyosimama juu ya bodi ya chuma hunasa vizuri mawimbi ambayo robo ya urefu wake ni sawa na urefu wa fimbo. Robo ya meta 3 ni sentimeta 75. Kwa hiyo antena iliyokwama ikiwa na sentimeta 20 tu nje hunasa kidogo mno, na redio huanza kukwaruza mapema gari linapouacha mji.

Hata hivyo, si kila ukwaruzaji ni kosa la antena. Mawimbi ya FM huenda karibu katika mstari mnyofu, nayo hukingwa na milima. Gari linaloteremka mlima Sekenke kuelekea mbuga ya Wembere huweza kupoteza stesheni hata kama antena yake ni nzima. Tena, redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zilitengenezwa kwa FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali Tanzania hutumia 88 hadi 108. Redio ya namna hiyo haiwezi kufika kwenye stesheni ya megahezi 95, hata ikifungiwa antena mpya.

Jinsi inavyofanya kazi

Antena hii ina sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni mlingoti, yaani mabomba membamba ya chuma yanayoingiana. Ya pili ni uzi mnene wa nailoni wenye meno upande mmoja, ambao umeshikizwa kwenye ncha ya bomba jembamba kuliko yote. Ya tatu ni mota ndogo ya volti 12 pamoja na giya zake.

Redio inapowashwa, waya mwembamba hupeleka ishara kwenye relei, na relei huipa mota umeme wa betri. Giya hupunguza kasi ya mota na kuongeza nguvu yake, kisha huusukuma uzi kwa meno yake, nao huuinua mlingoti. Redio inapozimwa, relei huugeuza mwelekeo wa mkondo. Mota huzunguka kinyume, na uzi hujiviringisha katika kikasha kilicho kando ya mota. Mlingoti ukifika mwisho wa safari, swichi hukata umeme.

Kutafuta kosa

Kazi huanza kwa kusikiliza. Ikiwa mota iko kimya kabisa, zichunguzwe fyuzi, waya wa ishara, na waya unaounganisha mota na bodi ya gari. Ikiwa mota inalia lakini mlingoti hausogei, yaelekea uzi umekatika au meno yake yamelika. Ikiwa mlingoti unapanda nusu kisha ukasimama, umejaa uchafu au umepinda.

Ikiwa mlingoti unapanda vizuri lakini redio haishiki, ichomolewe kebo ya antena nyuma ya redio, na katika kitundu cha kati kiingizwe kipande cha waya chenye urefu wa sentimeta 75, bila kuguswa na chuma cha gari. Stesheni ikisikika vizuri zaidi, kosa liko kwenye antena au kebo yake.

Kubadilisha mlingoti na uzi

Mlingoti mpya huuzwa pamoja na uzi wake, nao lazima uwe wa gari la aina ileile. Katika magari mengi hakuna haja ya kuifungua mota. Nati iliyo juu ya madigadi hufunguliwa, kisha msaidizi huwasha redio, na mota huusukuma nje mlingoti wa zamani pamoja na uzi wake. Mtengenezaji aangalie meno ya uzi yalikuwa yameelekea upande gani. Uzi mpya huingizwa meno yakielekea upande uleule, hadi yagusane na giya. Msaidizi huzima redio. Mota huuvuta uzi ndani, na mtengenezaji huuongoza mlingoti kwa mkono bila kuulazimisha. Nati hufungwa, na antena hujaribiwa mara mbili au tatu.

Ikiwa kipande cha uzi kimebaki ndani, mota itolewe na kikasha kifunguliwe ili kipande hicho kiondolewe. Kabla ya hapo, waya wa hasi wa betri uondolewe.

Grisi ni adui

Jambo linalofaa kukumbukwa kuliko yote katika nchi yenye vumbi ni hili: mlingoti usipakwe grisi. Grisi hunasa chembe za mchanga, na mchanganyiko huo hufanya kazi ya msasa. Msuguano huongezeka, mota huhemewa, na meno ya nailoni hukwanguka. Mlingoti ufutwe kwa kitambaa safi na kikavu, kisha upanguswe kwa mafuta mepesi machache sana, na mafuta yanayobaki yafutwe.

Uangalifu huu hauhusu redio peke yake. Katika baadhi ya antena, mlingoti ukikwama na swichi ikiwa mbovu, mota huendelea kuvuta umeme hata baada ya gari kuzimwa. Na ichukuliwe kwamba inavuta ampea 5 kutoka betri ya ampea-saa 60. Kwa hesabu ya 60 kugawanywa kwa 5, betri itakwisha katika saa 12, na itashindwa kuwasha injini mapema zaidi. Gari lililolala kijijini mbali na fundi, huenda likahitajiwa alfajiri kumpeleka mgonjwa hospitali, lisiwake. Kwa hiyo mota ikisikika ikilia bila kukoma, fyuzi ya antena ichomolewe mara moja, baada ya kuhakikisha katika kitabu cha gari kwamba haitumiwi na chombo kingine cha lazima. Matengenezo yaweza kungoja hadi mchana.

Mwanafunzi atakayeifungua antena iliyotupwa atakutana na mawimbi, msuguano, giya na sumaku-umeme ya relei katika chombo kimoja anachoweza kukishika kwa mikono yake.