Zana za Kuwindia Paa na Pofu katika Nyika ya Eyasi

Nyika izungukayo Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni nchi ya jua kali. Mwindaji wa Kihadzabe akimnyemelea pofu huweza kuonekana upesi. Shida hiyo ndiyo imchaguliayo zana.

Upinde hutiwa upote wa kano za mnyama. Mishale ni ya aina kadha wa kadha. Kwa ndege na wanyama wadogo, wano lililochongwa ncha latosha. Kwa paa na wenziwe wadogo hufaa kigumba cha chuma, ambacho mara nyingi ni msumari uliofuliwa bila kutiwa motoni. Lakini kwa pofu na tandala kigumba peke yake hakitoshi: hupakwa sumu nyuma ya ncha, kisha huzungushiwa ukanda wa ngozi, usimdhuru mwenyewe.

Sumu hiyo hutengenezwa kwa utomvu wa adeniumu au mbegu za strofanto. Zote mbili hushambulia moyo. Hivyo jeraha dogo latosha, ila si papo hapo. Mwindaji hungoja, ndipo afuate damu na nyayo. Sumu ikiwa dhaifu, nyama hupotelea porini, na kambi hulala bila kitoweo.

Basi mtunga kamusi aelezaye kigumba kuwa “ncha ya mshale” tu hajakosea, lakini ameacha nusu ya maana. Yafaa aeleze pia kinapopakwa sumu, na mnyama gani kimekusudiwa.