Ombi la Mwenye Megabaiti Mbili

Wanangu, sogeeni niwasimulie kisa cha kompyuta iliyokosa nafasi.

Mwaka 1991, mjini Helsinki, Finland, mwanafunzi aitwaye Linus Torvalds alikuwa akiandika mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ndio huu tunaouita Linux. Kompyuta yake ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Simu mnazochezea leo zinaizidi mara mamia.

Krismasi ilipokaribia, akapata ombi kutoka Ujerumani. Mtu mmoja huko alikuwa na megabaiti 2, nusu ya zile za Linus. Alitaka kuijenga Linux mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, lakini kompaila haikuenea. Kompaila ni programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza yawe namba ambazo mashine inazifuata. Hula kumbukumbu nyingi, kwa kuwa ni lazima ikumbuke kila jina lililotajwa ndani ya faili mpaka imalize.

Linus mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Angeweza kumwambia yule mtu akanunue kumbukumbu zaidi. Badala yake alikaa sikukuu ile akiandika msimbo, na toleo la 0.12, Januari 1992, likatoka na dawa.

Dawa yenyewe ni hii. Mtazameni fundi cherehani mwenye meza ndogo: kitambaa asichokikata kwa sasa hukikunja na kukiweka rafuni, akikihitaji hukirudisha mezani. Linux nayo huchukua kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zisizotumika kwa sasa na kuzihifadhi kwenye diski. Sehemu hiyo ya diski huitwa swapu. Aliyeomba alikuwa mnyonge kuliko wote, na wote wakafaidika.

Shida ile ingalipo. Ukikodi seva ya bei ndogo yenye megabaiti 512, kisha ukajenga programu kubwa ya C++, huenda faili moja tu ikaitaka kumbukumbu yote. Inapokwisha kabisa, Linux huchagua programu ya kuua ili mashine nzima isianguke, na kwa kawaida huwa ni ile inayokula zaidi, yaani kompaila. Wewe utaona neno moja: Killed. Usidhani msimbo wako una kosa.

Ikikutokea hivyo, kwanza andika amri ya free -m uone kumbukumbu iliyobaki. Kisha, ukiwa msimamizi wa mashine, tengeneza faili la swapu la gigabaiti 2 kwa fallocate. Lifunge kwa chmod 600 asilisome mwingine, maana hata nywila zilizomo kwenye kumbukumbu zaweza kuhamia humo. Liandae kwa mkswap, liwashe kwa swapon.

Halafu punguza pupa. Amri ya make -j4 huendesha kazi nne kwa pamoja, na kila moja hudai sehemu yake ya kumbukumbu. Tumia make -j1, faili moja baada ya jingine. Haba na haba hujaza kibaba. Itachukua muda, kwani diski huenda polepole kuliko kumbukumbu, lakini itafika.

Na kazi ikikatika njiani, msivunjike moyo. Andikeni make tena: faili zilizokwisha kujengwa haitazirudia, itaendelea na zilizobaki.