Kadenge na Mpira, Kadenge na Teksi

Ukiitisha gari Kilimani usiku, wewe humtazama dereva usoni? Huwezi jua. Kuna wasee wa Nairobi waliowahi kubebwa na Joe Kadenge bila kujua ni nani.

Mwana wa Vihiga, aliyezaliwa 1935. Alikuwa mshambuliaji wa Abaluhya, ambayo wewe unaijua kama AFC Leopards, na timu ya taifa. Chenga zake ndizo zilimfanya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela apaaze sauti redioni: "Kadenge na mpira!" Mpaka leo watu husema hivyo, hata wasiojua Kadenge ni nani.

Mwaka wa 2002, akiwa mzee tayari, alikabidhiwa Harambee Stars kama kocha. Lakini mpira wa enzi zake haukumwachia mali. Uzeeni alitafuta riziki kwa kuendesha teksi.

Alifariki Julai 2019, akiwa na miaka 84. Ndipo City Stadium, pale Jogoo Road, ikapewa jina lake.

Jina kwenye uwanja ni poa, lakini halimfikii aliyelala. Kama kwenu mtaani kuna mzee aliyewahi kuvaa jezi ya Stars, mpitie leo umjulie hali. Usingoje matanga.